Kamba, Miti Miwili na Watu Watatu: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vitivo vya Sayansi na Uhandisi

Waheshimiwa Wakuu wa Vitivo vya Sayansi na Uhandisi katika vyuo vikuu vya Kenya,

Naomba idhini yenu niseme jambo moja lililonikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni hali ya vijana wa mwaka wa kwanza katika masomo ya sayansi na uhandisi, ambao huingia vyuoni mwenu wakiwa na akili zilizonolewa barabara kwa hesabu na fizikia, ilhali katika kuamiliana na watu, yaani kuuliza, kusikiliza, kushauriana, kukosoana kwa adabu na kugawana kazi kwa insafu, hawajapata wa kuwaongoza. Na nyinyi nanyi, kwa ninavyoona, hamjalihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya elimu mliyoahidi kuwapa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Kangundo, katika Kaunti ya Machakos, na kazi ya maisha yangu ilikuwa kuwatayarisha vijana wa huku kwetu, watoto wa wakulima wa kahawa na wa wachuuzi wa soko la Tala, wapate kuifikia milango yenu. Wengi waliipita. Wanaporudi likizo ya kwanza huja kunijulia hali, na tukisha kunywa chai na kuulizana habari za nyumbani, mazungumzo huelekea chuoni, nami huwasikiliza kwa makini, kwa sababu mwalimu huijua thamani ya kazi yake pale mwanafunzi anapokuwa mbali na macho yake. Malalamiko yao ni nadra kuwa ya ugumu wa masomo. Kalkulasi huilalamikia kidogo, thamodinamikia zaidi kidogo, lakini hayo huyasema kwa uso mkunjufu. Yanayowatoa machozi ni mambo ya watu.

Mmoja aliniambia, “Mwalimu, tulipangwa saba kwa kufuata nambari za usajili, hatujuani, na kazi ya kikundi nimeifanya peke yangu usiku kucha, wenzangu wakaandika majina yao tu.” Nilipomuuliza kama aliwaita wakakaa pamoja, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa aliwatumia ujumbe kwa simu, hawakujibu, na hakujua mtu hufanya nini baada ya hapo. Binti mmoja anayesomea uhandisi wa mitambo alinieleza kuwa katika kikundi chao yeye ndiye msichana wa pekee, na kwamba tangu siku ya kwanza ya karakana alikabidhiwa kalamu na daftari aandike ripoti huku wavulana wakishika mashine. Hakujua ni kwa maneno gani mtu hudai zamu yake bila ya kuonekana mgomvi, basi akanyamaza, na muhula ukaisha bila ya mkono wake kuugusa mtambo wa kukereza vyuma. Mwingine, kijana mpole aliyetutoka hapa na alama za juu kuliko wenzake wote, alipita mbele ya fundi wa maabara muhula mzima pasipo kumwamkia, wala hakufanya hivyo kwa kiburi, maana hana kiburi hata chembe, ila hakuna aliyemwambia kuwa yule mzee mwenye koti la buluu ndiye ajuaye kwa nini oskiloskopu ya tatu kutoka mlangoni husema uongo. Sikitaji chuo chochote, kwa kuwa habari hizi nimezisikia kutoka vyuo vingi mno hata zisiweze kuwa aibu ya kimoja.

Asili ya hali hii, nakiri kwa insafu, haikuanzia kwenu. Mfumo wetu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa kidato cha nne utafanywa mwaka 2027, uliwazoesha watoto kuamini kuwa elimu ni jambo la mtu mmoja, dawati moja na karatasi moja, na kwamba kumnong'oneza mwenzako ni udanganyifu. Na katika mtihani ni kweli, ila miaka yote minne iligeuzwa kuwa mtihani. Mtoto mwenye kipaji cha sayansi hupata hasara zaidi ya wenzake, kwa kuwa nyumbani kila mtu humsamehe kazi. Husamehewa kwenda mtoni, husamehewa kuchuma kahawa, husamehewa mkutano wa vijana wa kanisa, husamehewa kuongozana na mama yake kwenye kazi ya kikundi. Wageni wakija huambiwa wasimsumbue, anasoma. Kwa mapenzi hayo hayo tunamwondoa, mahali baada ya mahali, katika kila kikao ambacho babu zake walijifunzia namna ya kusema na watu, hata siku anapopata barua ya kuitwa chuoni huwa ameshasamehewa jamii nzima. Kisha anashushwa kwenye lango lenu na sanduku lake, miongoni mwa maelfu ya watu asiowajua, wenye lugha zisizo zake, na mnamwambia afanye kazi kwa kikundi.

Najua mtanijibu kuwa mmeliona hilo zamani, na kwamba katika vyuo vyetu takriban vyote mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma somo la stadi za mawasiliano, awe wa fasihi au wa umeme. Nimeviona vitabu vyake. Mna humo namna ya kuandika barua rasmi, namna ya kuandaa kumbukumbu za mkutano, aina za usikilizaji na vizuizi vya mawasiliano, mambo ambayo yote ni sahihi na yana faida yake. Lakini husomeshwa katika ukumbi wenye mamia ya watu, kwa kipaza sauti, na mwisho wake ni mtihani wa kuandika ambao mwanafunzi anaweza kuupasi kwa sifa bila ya kufungua kinywa tangu Septemba hadi Desemba. Adabu ya kuishi na watu haikai katika orodha ya kukariri. Hukaa katika kazi ambayo mtu hawezi kuimaliza bila ya mwenzake, chini ya jicho la mtu mzima anayejua kusahihisha bila ya kudhalilisha.

Liliwahi kuwapo jaribio la namna nyingine, wakati serikali ilipowapeleka vijana waliochaguliwa kwenda chuo kikuu wapitie kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa kule Gilgil, katika miaka ya 1980. Waliopita huko husifu kwamba mtoto wa tajiri na wa maskini, wa Pwani na wa Ziwani, walilala hema moja na kula sahani moja, nami nayakubali masifu hayo. Lakini gwaride hufundisha kutii, na kutii hakumfundishi mtu kushauri wala kushauriwa. Sitamani lirudi.

Ninachotamani kipo karibu zaidi, na ili nikieleze hamna budi kunivumilia nirudi nyuma kidogo katika historia ya milima hii, kwa kuwa Ukambani imepata kuona kwa macho yake sayansi ikija bila ya adabu, kisha ikaiona ikija pamoja na adabu, na tofauti yake ingali inaonekana katika udongo.

Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imechakaa, ikichimbwa na mvua mpaka mwamba ukaonekana, na Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika mwaka 1937 juu ya hali hiyo kwa maneno ya kutisha. Hesabu ya maafisa wa serikali hiyo ilikuwa rahisi: eka ni chache, ng'ombe ni wengi, basi ng'ombe wapunguzwe. Mwaka 1938 wakaanza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kikifunguliwa Athi River na kikihitaji mifugo; na watu wa Machakos, maelfu yao, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, wakaondoka wakaenda Nairobi na kukaa huko kwa majuma wakitaka kusema na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, uso kwa uso. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ililegezwa. Dhuluma ya ardhi ilikuwapo kabla ya hapo, kwani malisho na vilima vizuri vilikwishachukuliwa na walowezi, wala sitaki kumfanya mtu yeyote adhani kuwa neno la upole lingalitosha kuifuta. Hata hivyo lipo jambo ambalo kila mwanasayansi mchanga anapaswa kulijua: kwamba udongo ulikuwa ukiondoka kweli, na waliolijua hilo kwa vipimo hawakukaa na wenye ng'ombe kuwauliza ng'ombe wale walikuwa nini kwao, nayo maarifa yao, pamoja na ukweli uliokuwamo, yakachukiwa kwa muda mrefu baadaye.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali iliwalazimisha watu kuchimba matuta, na matuta ya kulazimishwa yalichimbwa kwa uvivu na kuachwa yabomoke. Kazi ilishika kasi ilipokabidhiwa mwethya, yaani vile vikundi vya majirani wa utui, yaani kitongoji, kimoja ambavyo tangu zamani vilikusanyika kumjengea mtu nyumba au kumlimia shamba, mwenyeji akawalisha, na kesho yake zamu ikawa ya mwingine. Katika miaka ya 1950 vikundi hivyo viliachiwa kuchagua viongozi wao na kupanga ni shamba la nani litangulie, na mlima ukaanza kubadilika. Uhuru ulipokuja, kazi ilipungua kwa muda, kwa kuwa jembe la matuta lilikuwa bado linanuka shuruti; kisha watu wakaliokota tena kwa hiari yao, wanawake wakiwa mbele. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, huyu wa mwisho akiwa mhandisi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa watu wa Machakos waliongezeka kutoka kiasi cha 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1990, na mmomonyoko wa udongo ukapungua badala ya kuzidi. Wasomi wa dunia walistaajabu. Sisi tuliokulia hapa tuliwajua waliochimba kwa majina yao.

Naomba sasa niwaelezeni chombo kimoja, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake. Ili tuta likae sawa na lisivunjwe na maji, ni lazima lifuate mstari wa kimo kimoja kando ya mlima, na mstari huo hupimwa kwa pimamaji ya kamba: kamba ya mita kumi hivi, iliyofungwa kwenye miti miwili ya urefu mmoja, na katikati yake hutundikwa pimamaji ndogo yenye kipovu cha hewa ndani ya kioo. Mtu wa kwanza husimamisha mti wake pasipo kuondoka. Wa pili hupanda na kushuka na mti wake kufuatana na anavyoambiwa. Wa tatu husimama katikati, macho kwenye kipovu, akisema panda, shuka, shuka kidogo, basi, hapo. Kigingi kikipigwa, wote husogea. Chombo hiki hakitumiki na mtu mmoja, awe na shahada ngapi. Yule wa katikati akisema kwa sauti ya kuamrisha, mama aliyeshika mti huchoka upesi na kuusimamisha ovyo. Akisema kwa sauti ndogo ya haya, hasikiki. Na yule wa pili akiona aibu kusema kuwa hakusikia, kigingi hupigwa mahali pasipo pake. Kosa la upana wa kidole katika hatua moja hukusanyika na la hatua ya pili na ya tatu, na mvua ya Novemba ikija, maji hutafuta penye udhaifu, hupasua tuta na kumwagikia shamba la jirani wa chini, naye ana watoto na mahindi kama wewe. Huo ndio uhandisi. Hesabu yake mtoto wa darasa la nane anaiweza. Kinachobaki ni sauti, sikio, subira na jirani.

Wala si matuta peke yake. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, wakajulikana kwa kujenga mabwawa ya mchanga, ambayo siku hizi watu hutoka nchi za mbali kuja kujifunza. Ukuta hujengwa kukata mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta. Na maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiweze kuyanyonya, hata katika kiangazi watu wakachota. Swali la kwanza la ujenzi huo ni wapi, na jibu lake haliko kwenye ramani pekee. Anayelijua ni mama ambaye kila Septemba huchimba kisima cha mkono mtoni, na anajua ni kona ipi hukauka mwanzo na ni ipi hubakiza maji mpaka mvua. Mhandisi kijana asiyejua kumwamkia mama huyo, kuketi chini, kungoja amalize kujaza dumu lake, na kumuuliza bila ya kumkatiza, atajenga ukuta mzuri mahali pasipofaa. Kisha swali la pili: nani atakusanya mawe, nani atachota maji ya saruji, bomba litatokea upande wa nani, na hayo yasipozungumzwa mpaka yakaisha, ukuta hubaki, kikundi huvunjika.

Ndiyo maana nasema, Waheshimiwa, kuwa maarifa haya ya watu ni sehemu ya taaluma yenyewe, na kuyaweka kando kama pambo la tabia ni kuipunguza taaluma. Wenye taaluma wenyewe wamekwisha kulikubali hilo: Mapatano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo kwayo nchi hutambuliana shahada za uhandisi, yanataka mhitimu ajue kufanya kazi katika kundi na kujieleza; na Bodi yetu ya Wahandisi, kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya 2011, haimsajili mhitimu kuwa mhandisi kamili mpaka awe amefanya kazi chini ya wakubwa wake kwa miaka na kupimwa ujuzi wake. Mbona basi tumngojee hadi huko? Wenzetu wa Dar es Salaam, tangu kitivo cha uhandisi kilipofunguliwa Mlimani mwaka 1973, waliyatia mafunzo ya vitendo ndani ya shahada yenyewe. Kwetu atachimenti, yaani mafunzo hayo ya vitendo, huja aghalabu katika mwaka wa tatu au wa nne, wakati kijana amekwisha kuzoea kukaa kimya, au kuzoea kunyakua, na mazoea hayo ni magumu kuyang'oa.

Maombi yangu ni kwamba muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza uwe na kazi moja ya nje, ndogo, ya kweli, inayofanywa pamoja na watu wasio wa chuo. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016, kimekaa chini ya milima ya Iveti ambayo imejaa matuta. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani na kwa desturi ya kazi za mikono, hakiko mbali nasi, ni upande wa pili wa Ol Donyo Sabuk. Waleteni vijana, wa uhandisi na wa kompyuta na wa kemia wakichanganywa, wawe watano watano na wasizidi hapo, na kila watano wakabidhiwe kwa kikundi cha mwethya kilichokubali kuwapokea. Wasije kama wafadhili wala kama wataalamu. Waje kama wanafunzi wa akina mama wa vikundi hivyo, washike miti, wapige vigingi, wapokezane nafasi ya katikati mpaka kila mmoja, msichana na mvulana, awe ameita na kuitwa. Jioni mhadhiri aketi nao robo saa tu, awaulize nani alinyamaza na kwa nini, nani alisema kupita kiasi, nani alimkasirisha mwenyeji na amemwomba radhi kwa namna gani. Na alama zisitolewe kwa ripoti peke yake: kiongozi wa kikundi cha wenyeji aulizwe, fundi wa maabara aulizwe, na kila kijana aulizwe faraghani juu ya wenzake, ili yule aliyezoea kuandika jina tu ajue kuwa safari hii jina halitoshi.

Zipo pingamizi, nami nazijua. Mtasema fedha hakuna, wahadhiri wengi ni wa mkataba na malipo yao huchelewa, wanafunzi ni maelfu, mtaala umejaa mpaka pomoni, na basi likipata ajali chuo kitashitakiwa. Haya si mambo madogo, na sina haki ya kuyapuuza nikiwa nimeketi barazani kwangu. Lakini kamba na miti havina gharama ya kumtisha mtu. Na asiyeweza kuleta maelfu alete mia, na asiyeweza kwenda mlimani atumie kilicho ndani ya ua lake, kwa maana kila chuo kina mafundi wa umeme, wa mabomba na wa maabara, wenye umri na hekima, ambao wanafunzi hupishana nao kila siku. Mpeni kila fundi vijana watano kwa majuma manne, watengeneze pamoja kitu kilichoharibika. Mtashangaa ni nini mafundi hao wanakijua juu ya watu.

Naomba pia lisije likadhaniwa kuwa nataka kuwageuza vijana wote wawe wasemaji. Wako watu ambao Mungu amewaumba wakimya, na katika sayansi ni wengi, na katika wanafunzi wangu wote hao ndio niliowapenda zaidi; kumlazimisha mtu wa namna hiyo asimame mbele ya umati na kufanya mzaha ni kumtesa bure. Mkimya mwenye adabu huuliza swali moja, nalo likawa ndilo. Ninalolihofia ni kimya cha mtu mwenye neno ambaye hajui mlango wa kulipitishia, kimya kile kinachomfanya kijana alale na njaa jirani na wenzake, afeli somo kwa kuona haya kumfuata mhadhiri, na hatimaye azame katika upweke mpaka wazazi waitwe. Wala sisahau jambo la kabila, ambalo sisi Wakenya hulikwepa kwa ulimi na kulifuata kwa miguu: mkiwaacha vijana wajichagulie vikundi, Mkamba atamtafuta Mkamba na Mluo atamtafuta Mluo, kwa hofu zaidi kuliko kwa chuki, na watamaliza miaka mitano wakiwa wamesoma nchi moja bila ya kukutana. Kuwachanganya ni wajibu wenu, na kuwaongoza wakisha kuchanganywa ni wajibu mkubwa zaidi.

Mwaka 2029 mtaanza kuwapokea vijana wa mtaala wa umilisi, ambao mawasiliano na ushirikiano vimeandikwa ndani yake kuwa umilisi wa kwanza kabisa, nao watakuwa wamezoea, angalau kwa kiasi, kufanya miradi pamoja na kuulizwa maoni yao. Wakikuta kumbi zile zile, kipaza sauti kile kile na vikundi vya nambari za usajili, watanyamaza kama walivyonyamaza kaka zao, na kazi ya walimu wa chini itakuwa imepotea mikononi mwenu. Hadi wakati huo ipo miaka michache ya kujaribu, kukosea na kurekebisha.

Basi nawasihi, kila mmoja wenu katika kitivo chake, kabla ya muhula ujao kufunguliwa, amteue mhadhiri mmoja mwenye moyo wa kazi hii, ampe wanafunzi mia wa mwaka wa kwanza na ruhusa ya kutoka nao nje. Atakayekuja upande wetu wa Kangundo atupe taarifa mapema; vikundi vya mwethya vipo, vina viongozi wao, nami nitawapelekea maombi yenu kwa mkono wangu mwenyewe.

Wenu katika utumishi wa elimu,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Kangundo, Kaunti ya Machakos